Mmea wa Kudumu

Watu huniuliza habari za mwani, nami huchoka kabla sijafungua kinywa. Siku hizi mwani ni kitu cha maana. Watu huujia na kamera, huusifu, husema ni riziki ya akina mama. Haya, na iwe. Mimi niliufunga kambani miaka ya themanini, kabla haujasifiwa na mtu, na bahari sikuipenda wakati ule wala siipendi leo. Maji ya chumvi yalinichana vidole na kuniharibu kucha, na mpaka sasa nikisikia harufu ya mwani unaokauka, mgongo huanza kuniuma wenyewe hata sijainama. Sisemi haya nionewe huruma. Nasema ijulikane mapema kwamba aliyeupenda mwani alikuwa mama yangu, si mimi, na hata yeye hakuupenda kwa ajili ya mwani wenyewe.

Tulikaa upande wa bahari wa Matsangoni, mwendo mfupi kutoka barabara kuu. Nyumba ilikuwa ya udongo na makuti, na ardhi haikuwa yetu. Mtu wa pwani nikimwambia haikuwa yetu anaelewa mara moja. Mwingine inabidi aelezwe. Mama alizaliwa pale pale, na mama yake kabla yake, lakini hati ilikuwa ya tajiri mmoja aliyekaa mbali, ambaye hatukupata kumtia machoni. Tuliyemjua ni msimamizi wake, mzee wa Malindi mjini, mtu wa kanzu safi na maneno laini, aliyekuja mara kwa mara kutazama kama tumevunja masharti. Masharti tuliyajua tangu utotoni. Mahindi, ruhusa. Muhogo na kunde, ruhusa. Mnazi, mkorosho, mwembe, marufuku, kwa sababu hiyo ni mimea ya kudumu, na aliyepanda cha kudumu kesho atasimama aseme hapa ni kwangu. Nyumba ya mawe, marufuku. Na kaburi mpaka uombe, maana kaburi linadumu kuliko hata mnazi.

Hilo la kaburi ndilo lililomkaa mama rohoni. Jirani yetu mmoja, mwanamke wa rika lake, alifariki asubuhi na msimamizi yuko Mombasa. Maiti akalala ndani mpaka jua likageuka, wanaume wameketi nje na majembe yao, hakuna anayethubutu kuchimba. Msimamizi alipofika aliruhusu, tena kwa upole, akatoa na rambirambi. Mama alirudi nyumbani akaketi kizingitini, akaniambia kwamba yeye hataki kuzikwa kwa ruhusa. Hakutaka mali wala nyumba ya mabati. Alitaka kipande chake, hata kiwe cha kutandika mkeka tu, ili siku akifa mtoto wake asiende kumpigia mtu magoti. Tangu siku ile hakuwa na hoja nyingine. Ukimsemesha habari za mvua, atakuuliza inanyea shamba la nani.

Mimi wakati huo nilikuwa nimerudi kwa mama kutoka kwa mume. Hapo sina la kueleza, tulichokana. Nilipata kibarua Watamu, kwenye hoteli moja ya ufuoni, na kibarua chenyewe kilikuwa kuondoa mwani. Kusi ikivuma bahari huutapika kwa malundo, majani marefu mfano wa utepe, na ule mwekundu, na ule wa kahawia wenye vifuko vya hewa, vyote kwetu ni mwani tu, hatubagui. Wageni hawakuupenda, maana unanuka na una nzi. Basi asubuhi na mapema tulikuwa tunaukokota kwa reki na kuupakia mkokotenini, na jioni bahari imekwisha leta mwingine. Kila tulipouondoa tuliondoa na mchanga, na ufuo ukazidi kupungua mpaka ngazi za hoteli zikawa zinaning'inia. Hakuna aliyejali, na mimi sikujali. Nilitaka nirudi nyumbani nilale.

Kwa hiyo siku niliporudi nikamkuta mama uso unang'aa, akaniambia kuna mtu amekuja kwetu kupanda mwani, niliketi chini nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Upande huu watu wameajiriwa kuuondoa, upande ule wanatafutwa watu wa kuupanda! Mama hakucheka. Aliniambia kwamba kuna kupimiwa.

Mtu mwenyewe alikuwa kijana wa bara, ametumwa na kampuni moja ya ng'ambo afanye majaribio. Kijana mpole, mwenye haraka, Kiswahili chake cha kurukaruka. Alikuja na mbegu ndani ya magunia yaliyoloweshwa, mwani mnene wenye vidole kama tangawizi, ambao ufuo wetu ulikuwa haujauona. Akawakusanya akina mama kwenye banda la samaki, akawaeleza kwamba huko ng'ambo mwani ule huchemshwa ukatoa utomvu wa kugandishia vitu, dawa ya meno, aiskrimu, na kadhalika. Watu wakaguna. Kisha akasema maneno ambayo mama aliyahifadhi kama aya.

"Kila mama atapimiwa shamba yake. Hii bahari sasa ni shamba yenu."

Hapa nataka nieleweke. Yule kijana aliposema kupimiwa alikuwa na maana ya kukatiwa urefu wa kamba, kila mtu na kamba zake. Na shamba kwake ni mahali popote panapooteshwa kitu. Hakudanganya. Lakini kwetu, kuanzia Kilifi mpaka Sabaki, kupimiwa ni jambo moja tu. Ni serikali kuja na mnyororo na bikoni za mpaka, ikukatie kipande, jina lako liandikwe, na msimamizi akose la kusema. Watu walilingoja neno hilo tangu enzi za babu zao. Kule Tezo, jirani na Kilifi, kulikuwa na waliopimiwa, na aliyekuwa na jamaa huko alitembea kifua mbele utadhani kapimiwa yeye. Halafu kesho yake kijana akashuka baharini maji yamekupwa, akapigilia vigingi vya mkoko kwa mistari iliyonyooka, na kamba imekazwa toka kigingi hiki mpaka kile. Sasa mtu aliyeambiwa jana atapimiwa, leo anaona vigingi na kamba, wewe ungetaka afikiri nini?

Nilimwambia mama. Nilimwambia wazi, si kwa mafumbo, kwamba huyu anapima kamba, hapimi ardhi. Akasema mambo yote ya ardhi huanza kwa vigingi, na kwamba mimi nimezoea kuzoa takataka za wageni hata nikiletewa kheri mlangoni siitambui. Nikaona nimkate kauli. Nikamuuliza, je, akishapata hilo shamba atazikwa ndani ya maji? Hakukasirika. Alikuwa amekwisha kulifikiria. Akasema mtu akiandikwa mara moja basi ni mtu, hata kama kaandikwa mahali pabaya. Serikali haina budi kumbadilishia, impe cha nchi kavu. Wasioandikwa ndio wanaozikwa kwa ruhusa. Jambo hilo, alivyolipanga, lilikuwa na mantiki kuliko mambo mengi niliyoyasikia kwa wenye ofisi.

Lakini alibakiwa na wasiwasi mmoja, na siku ya tatu ya kupigilia vigingi akamfuata kijana mpaka majini, leso ameikunja magotini, mimi nyuma yake.

"Mwanangu, mwani huu ni wa msimu au wa kudumu?"

Kijana akafikiri. Alikuwa mtu mkweli, alitaka kujibu sawasawa.

"Ni wa kudumu, mama. Unakata, unaacha kipande, inaota tena. Haiishi."

Mama akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Yule maskini alidhani anashukuriwa kwa elimu. Njiani kurudi mama alikuwa akizungumza kwa sauti ya chini, kama anayeogopa msimamizi asije akasikia kutoka Malindi. Cha kudumu kimekatazwa juu ya ardhi ya tajiri. Bahari si ya tajiri. Alirudia hivyo mpaka tukafika nyumbani, na juma lile lile nikaacha reki nikashika kamba, kwa sababu yeye peke yake asingeweza na hakuna ambaye angemzuia.

Kazi ya mwani ni kuinama. Anayekueleza vingine hajaifanya. Wakati wa bamvua, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukupwa saa nne, saa tano asubuhi, jua limekuwa kali, na hapo ndipo unaposhuka. Unavuka mchanga, unavuka majani, mpaka unafika penye maji ya magotini ambapo mkondo unapita taratibu. Mwani ule hautaki kuachwa mkavu juani. Hautaki kina kirefu usikoona mwanga. Maji yaliyosimama hauyataki. Una madeko ya bibi harusi. Unakata kipande cha mbegu, unakifunga kwa uzi kambani, unaruka shubiri, unafunga kingine, mpaka kamba imekwisha. Bamvua ya pili unarudi kuutoa uchafu ulioujia, kufunga kilichokatika, na kutazama kilichokua. Maji mafu hayakupwi vya kutosha, basi unakaa nyumbani unapaka vidole mafuta ya nazi. Ukikatwa na jiwe, kidonda hakikauki, maana kesho unakirudisha kwenye chumvi. Mwani wenyewe ukivunwa ni mzito ukiwa mbichi, unaubeba kichwani maji yanakuchuruzika mgongoni, na ukishaanikwa kwenye chanja unanywea mpaka unajiuliza kazi yote ile imekwenda wapi.

Na mama alikuwa mtu wa jembe. Umri wake wote alikaa karibu na bahari, maji yasimpite kiwiko cha mguu. Siku ya kwanza alinishika bega kwa nguvu mpaka likawa jekundu, na kila jani lililomgusa mguu alilidhania nyoka. Haukupita muda mrefu akawa ndiye anayetangulia, na mimi ndiye ninayelalamika nyuma. Wanawake wengine waliopewa kamba waliacha mmoja mmoja, huyu mimba, huyu mume kakataa, huyu kaona hakulipi. Mama akachukua na kamba zao, akazifunga upande wake. Alisema shamba linapanuka.

Alilima bahari kama alivyolima kunde. Hapo ndipo alipokosea, na kosa lile ni letu sisi tu. Mtu wa kwingine asingelifanya. Chini ya kamba zake kulikuwa na majani ya baharini, yale mafupi yanayofunika mchanga kama zulia. Mama akayang'oa. Bamvua hata bamvua alikuwa ameinama anapalilia, mpaka shamba lake likawa mchanga mweupe mtupu, unaliona toka mbali. Kijana akamsihi asifanye hivyo. Akamweleza kwamba mizizi ya yale majani ndiyo iliyoshika mchanga, na mchanga ndio ulioshika vigingi. Mama alimsikiliza kwa adabu, akaendelea kung'oa. Kwetu shamba likiachwa likamea majani husemwa limetelekezwa, na lililotelekezwa anaweza kuingia mwingine akasema alilikuta halina mtu. Mama hakuwa tayari kumpa mtu mwanya huo kwa sababu ya mchanga. Nami sikumlaumu. Nilimsaidia kung'oa.

Kulikuwa na mvuvi mmoja jirani yetu, mtu wa malema, yale matego ya kusukwa kwa vijiti. Samaki aliyemtafuta ni tafi, na tafi chakula chake ni mwani, kwa hiyo lema hutiwa mwani ndani kuwa chambo. Huyu bwana alikuwa akijichumia chambo chake mawenimaweni huko nje, mpaka alipogundua kwamba mwani wa mama tafi wanaufia. Akawa anapita anakata vidole viwili vitatu, anakwenda zake. Mama alipomfumania alimpeleka kwa mzee wa mtaa. Kesi ya mpaka, baharini! Watu walijaa kusikiliza kwa sababu siku ile hakukuwa na burudani nyingine. Mama akaeleza kwamba mtu huyu amepita shambani kwake bila hodi na kukata mmea wake. Mvuvi akasema yeye tangu azaliwe anapita pale. Mzee wa mtaa, ambaye nadhani alitaka kwenda kula, akaamua kwamba mvuvi apite lakini apige hodi.

Basi ikawa mzaha wa ufuo mzima. Kila mwenye ndoana, kila mtafuta pweza, akifika kwenye vigingi vya mama anapaaza sauti, hodi, na mama kutoka upande wa pili, ameinama, anaitikia karibu. Walianza kwa kumcheka. Baadaye kicheko kikaisha wakabaki na mazoea, wakawa wanapiga hodi hata mama asipokuwapo. Mimi nilikuwa nikiona haya, kusema kweli. Lakini kulikuwa na siku nyingine nilimtazama anavyojibu lile karibu, mgongo haujanyooka bado, nikasema moyoni mwache mwanamke wa watu.

Tafi wenyewe hawakupiga hodi. Walikuja maji yakijaa, makundi kwa makundi, wakautafuna mwani mpaka ukabaki ncha zilizodonolewa. Mwishowe mama na yule mvuvi wakapatana. Akatega malema yake kuizunguka mipaka ya mama, akapata samaki ambao hajawahi kupata, na sisi tukawa tunakula tafi mpaka wakatutoka puani. Wengine wakamwambia mama kwamba amefuga chambo, hajalima. Akasema hata mahindi yana nyani.

Kisha likaja joto la mwezi wa tatu, upepo umekufa kati ya kaskazi na kusi, maji ya kupwa yakawa ya moto, unayasikia mguuni. Mwani ukaanza kuwa mweupe. Kwanza pale kwenye maungio, halafu kidole kizima, unalainika, unakatika wenyewe na kuzama. Kijana wa bara alisema ndivyo ulivyo ugonjwa wake, maji yakizidi joto hakuna dawa, unavuna kilichobaki na kuokoa mbegu. Tuliokoa mbegu. Tukafunga upya. Mwisho wa mwaka mvua zikanyesha sana bara, mto Sabaki ukashuka mwekundu, na kaskazi ikayasukuma yale matope kusini, yakapita Malindi, yakapita Watamu, mwaka ule yakafika mpaka kwetu. Ukitia mkono majini huoni kiganja. Mwani unataka mwanga. Ukafunikwa na vumbi la bara ukadumaa. Tukaosha kipande kimoja kimoja. Niseme nini? Tulikuwa tunaosha mwani baharini.

Majaribio ya kampuni yakaishia hapo. Kijana alikuja kuaga, akamwachia mama vigingi na kamba, akasema hakuna haja ya kuvirudisha. Mama akaona ndio kukabidhiwa. Nilimsindikiza kijana mpaka barabarani, na hapo nikamweleza mama anaamini nini. Alisimama na begi lake. Akaniambia yeye alisema shamba tu, kama watu wanavyosema shamba la kuku. Nikamwambia najua. Gari lililokuja kumchukua likapiga honi, akaniomba nimsalimie mama, akapanda. Sikumchukia. Kwao pengine ardhi si kitu cha kumtoa mtu machozi kwa neno moja.

Mwaka uliofuata, kabla ya masika, likaitishwa baraza kwenye uwanja wa shule. Mkuu wa tarafa alikuja mwenyewe, na msimamizi akaketi karibu naye, kanzu yake safi kama kawaida. Tukaarifiwa kwamba tajiri ameuza, kwamba patajengwa, na kwamba sote tutahama tukishavuna mahindi. Ilisemwa kwa utaratibu, bila vitisho. Watu hawakupiga kelele. Tulikuwa tumelisubiri hilo pia, kama tulivyosubiri kupimiwa, na kati ya hayo mawili hili ndilo tulilokuwa na hakika nalo. Kisha mkuu wa tarafa akauliza kama kuna mwenye shamba kwingine, asimame.

Mama akasimama. Nilimvuta leso, akaninyang'anya. Akamwamkia yule bwana, akasema yeye analo, amepimiwa, na amepanda cha kudumu. Akaulizwa liko wapi. Akasema baharini.

Walicheka. Si wa kwetu. Wa kwetu waliinamisha vichwa. Walicheka waliokuja na mkuu wa tarafa. Yeye mwenyewe hakucheka, akainua mkono wakanyamaza.

"Mama, bahari haina mwenyewe."

"Basi kama haina mwenyewe, nani atanifukuza?"

Yule bwana akainamia karatasi zake. Akaita mwingine.

Na mama alirudi nyumbani ana furaha. Hilo ndilo linalonichosha mpaka leo, kuliko kazi, kuliko chumvi. Alitembea mbele yangu akiniuliza kama nimesikia. Mkubwa mzima, mbele ya msimamizi, kashindwa kumtaja wa kumfukuza. Alisema sasa ni kungoja tu wambadilishie. Nilimjibu ndiyo. Ningemjibu nini?

Kusi mwaka ule ilianza kwa hasira. Mawimbi yalivuka mwamba yakaingia mpaka ndani, na vigingi vilivyong'oka kwanza vilikuwa vya mama, kwa sababu vilisimama kwenye mchanga mtupu. Mchanga ulihama kama sukari inavyoyeyuka. Kulikokuwa na majani bado, kigingi kimoja kimoja cha wale wanawake walioacha kilibaki kimesimama, hakina kamba, hakina kitu. Mama alikwenda akavishika vile, akavitikisa. Kisha akaanza kuvipigilia vyake upya, mvua inamnyea, upepo unampiga, na mimi nikiwa nimeshika vigingi wakati yeye anagonga kwa jiwe. Vikang'oka. Akapigilia. Nikamsihi tungoje kaskazi, bahari itatulia. Akasema asipoonekana shambani watasema ametelekeza.

Kikohozi kilianza hapo. Tulimpeleka zahanati akapewa sindano, akapata nafuu kidogo, akarudi majini nilipokwenda kutafuta kuni. Mara ya pili hakuinuka tena. Alilala chini upande wa mlango ili aone nje, na kifua kikawa kinalia kama mlango mbovu. Mahindi yalikuwa yanaanza kukauka shambani. Aliniuliza maji yanakupwa saa ngapi, nikamwambia ni maji mafu, apumzike. Alifariki asubuhi, mimi nimemshika mkono, ngozi ya kiganja chake ngumu kama ya mvuvi.

Wanaume wakaja na majembe wakaketi nje. Yule mvuvi wa malema akaniita kando, akaniambia msimamizi yuko, ameonekana na gari lake kule kwenye barabara ya juu pamoja na watu wa kujenga, na kwamba ni afadhali niende mimi mwenyewe kwa kuwa ndiye mtoto. Nikajifunga leso nikaenda. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nilipanga kumwambia kwamba tunahama, amekwisha shinda, sasa aache watu wazike. Nilipanga kumwambia ubaya.

Nilimkuta amesimama kivulini mwa gari. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla sijamaliza kueleza alikwisha sema inna lillahi. Uso wake ulibadilika kweli. Akaniambia alimkumbuka mama kwenye baraza, na kwamba alikuwa mwanamke mwenye moyo. Akatoa kitambaa akajifuta jasho.

"Mzikeni, mwanangu. Tafuteni mahali pazuri. Mimi nimewaruhusu."

Maiti alikuwa ndani, jua linapanda, na watu wananingoja. Nikamwambia ahsante.